Kiraka cha Pili cha Mtu wa Bati

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 13 Mei 1975, makopo sita ya sinema yalikuwa yamepangwa juu ya meza ya stoo ya ofisi yetu ya sinema za vijijini pale Kilwa Masoko, na hakuna hata moja lililokuwa na karatasi. Kwenye vifuniko vinne palibaki alama ya gundi. Viwili vilikuwa vitupu kabisa.

Nilikuwa nimeamriwa kwa barua kujibu swali moja: mikanda hii sita, ilipotengenezwa, ilikusudiwa kufuatana vipi? Nilipewa hadi Jumamosi saa nane mchana. Siku hiyo kamati ya watu wanne ingekaa kuamua kama Alfonsi, fundi wa mashine ya sinema, aliivuruga kwa makusudi. Ikionekana hivyo, angeachishwa kazi na kukabidhiwa polisi. Alfonsi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya debe karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Hakuruhusiwa kutoka nje ya eneo la ofisi, na hakuruhusiwa kuigusa mikanda bila mimi kuwepo.

Nilianza na mambo yasiyobishaniwa.

Mikanda ililetwa nchini na nchi rafiki ya Ulaya. Ni picha za kuchora zinazotembea, nyeusi na nyeupe, bila maneno, muziki tu. Kila mkanda huchukua kama dakika kumi. Kisa chake ni cha roboti mmoja, ambaye watazamaji wetu walimwita Mtu wa Bati na ofisi ikaliandika jina hilo hilo. Mwanzo wa kila mkanda, penye kichwa na namba, ulikuwa umekatika zamani kwenye mashine za mikoa iliyoutumia kabla yetu. Kwa hiyo namba zilikuwa kwenye karatasi za makopo tu. Jumatatu tarehe 5 Mei gari la sinema lilizimika katikati ya maji likivuka mto Mbwemkuru, na maji yakaingia hadi usawa wa viti. Makopo yalikuwa yamekazwa vizuri, mikanda ikapona. Karatasi hazikupona.

Alhamisi tarehe 8 Alfonsi aliionyesha mikanda yote sita Kiswere, kwa mpangilio alioufikiria mwenyewe. Kwa mpangilio huo Mtu wa Bati anaundwa na fundi mzee, anajenga nyumba katika safu, wanakijiji wanafanya sherehe, mafuriko yanakuja, nyumba za safu zinaonekana tupu, Mtu wa Bati amesimama peke yake, na mwisho watu wako barabarani na mizigo vichwani. Mkanda huo wa barabarani umekatika mwishoni pia, hivyo haijulikani wanatoka wapi wala wanafika wapi. Waliotazama walikuwa kama mia tatu. Wengi wao walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, katika operesheni ya vijiji. Taa ilipowashwa walipiga makofi muda mrefu. Kwa nini walipiga makofi sikuweza kuthibitisha, na katika taarifa yangu sikuandika sababu.

Ndugu Yohana, ofisa mwenzetu, alikuwa kwenye safari ile. Kesho yake aliandika barua ya kurasa mbili kwamba Alfonsi alichukua sinema ya watu wanaojenga kijiji, akaigeuza ikawa sinema ya watu wanaokikimbia.

"Uligeuza?" nilimuuliza Alfonsi.

"Nigeuze nini, Mwalimu, na mimi sijui mbele ni wapi?"

"Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

Nikaandika hapana.

Petroli ya jenereta iliyobaki ilikuwa galoni moja na nusu. Hiyo ilitosha kupitisha kila mkanda kwenye mashine mara moja kabla ya Jumamosi na mara moja mbele ya kamati, pamoja na akiba ya mkanda mmoja. Kazi iliyobaki ingefanywa kwa macho. Nilisimama dirishani, Alfonsi akaushika mkanda kwa ncha za vidole dhidi ya mwanga, nami nikatazama picha moja moja kwa kioo cha kukuzia nilichokuwa nikifundishia jiografia kabla sijaingia ofisi hii. Sekunde moja ya sinema ina picha ishirini na nne. Nilitazama moja katika kila hamsini, na nilipoona jambo nilirudi nyuma.

Kwa kuwa mikanda haikuwa na namba, niliipa majina: Kuundwa, Mafuriko, Nyumba za Safu, Nyumba Tupu, Barabarani, Sherehe. Nilichora jedwali. Nikaandika urefu wa vivuli, mavazi ya watu, idadi ya nyumba, na hali ya mti mmoja mkubwa uliosimama karibu na kisima. Hadi Jumatano adhuhuri nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba Kuundwa ni wa kwanza, kwa sababu kabla ya kuundwa Mtu wa Bati hayupo. Mtoto wa darasa la pili angeniambia hivyo bila kioo.

Mti ndio ulionipotezea muda mwingi. Katika Nyumba Tupu hauna majani. Katika Barabarani una majani madogo. Katika Sherehe una matunda. Nikaanza kufurahi, kisha nikaona kosa langu. Mti hupukutika kila mwaka. Hausemi ni mwaka gani.

"Tumekwama?" Alfonsi aliuliza.

"Bado."

"Rosalia anadhani niko safarini," alisema. Rosalia ni mkewe. Alikuwa Lindi na watoto wawili. "Nimemwambia narudi Jumapili. Nikikosa kurudi Jumapili atauliza, na akiuliza ataambiwa."

Nilimwomba avute mkanda mbele.

Saa saba na robo Bi Kidawa aliingia na fagio. Yeye ndiye mfagiaji wa ofisi. Kwake ni Kilwa Kisiwani, huvuka kila asubuhi kwa mtumbwi wa mpwa wake, na umri wake kwa hesabu yake mwenyewe ni sitini na ushee.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Bado mnamchungulia huyo? Siku ya pili leo. Mchumba angekuwa ameshakubali."

Alfonsi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Upande huu usifagie, Bi Kidawa. Vumbi litaingia kwenye mikanda."

"Vumbi unanifundisha mimi? Misimu minne nimewaoshea vigae wachimbaji wa magofu pale kwetu, mswaki mkononi kama nawasugua meno. Vumbi la miaka mia sita limepita kwenye kucha hizi." Akaegemeza fagio ukutani. "Mnatafuta nini hasa?"

"Kipi kilitangulia na kipi kilifuata."

"Basi mti wa nini?" Alikuwa ameliona jedwali langu. "Wachimbaji wakipata bakuli zuri la Kichina sisi tunapiga vigelegele. Mkubwa wao anasema, nyamazeni, uzuri hautuambii kitu. Tazameni kipi kimelalia kipi. Cha chini ndicho cha mwanzo. Sakafu ikikaa juu ya kigae, kigae kilikuwepo sakafu haijamwagwa. Ila panya akichimba shimo akachanganya, hapo ndipo ugomvi, lakini hata panya huacha shimo lake."

"Na hapa kipi kimelalia kipi?"

"Huyu si wa bati? Bati hutoboka. Likitoboka hutiwa kiraka. Sufuria yangu ya wali ina viraka vitatu, nami naweza kukwambia kila kimoja kiliwekwa lini, na nani aliniunguzia."

Nilichukua kalamu nikafuta mti, vivuli na mavazi. Kichwani mwa jedwali jipya niliandika: Kifua.

Kufikia Alhamisi saa kumi jioni mambo yafuatayo yalikuwa yamethibitika. Katika Kuundwa kifua cha Mtu wa Bati ni kizima. Katika Mafuriko anaanza na kifua kizima, gogo lililoletwa na maji linamtoboa, na fundi mzee anampigilia kiraka cha mraba chenye vichwa sita vya misumari. Tendo hili linaonekana lote, mwanzo hadi mwisho. Katika Nyumba za Safu anajenga akiwa ametupa mgongo karibu muda wote, ndiyo maana hakuna aliyekiona kifua. Lakini katika picha kumi na saba anageuka kuchukua mlango, na kiraka cha mraba kipo. Kwa hiyo mafuriko yalitangulia nyumba. Alfonsi alikuwa ameyaweka nyuma.

"Kumbe," alisema. "Nyumba zimejengwa kwa sababu ya maji."

"Kwamba ni kwa sababu yake hatujui. Tunajua ni baada yake."

"Sawa, Mwalimu. Baada yake."

Ilibaki mikanda mitatu, na katika mitatu hiyo ndimo ilimokuwa kesi. Kama Nyumba Tupu ulikuja baada ya Sherehe, basi watu walikaa kijijini, kisha wakaondoka. Kiswere walionyeshwa hivyo. Kama ulikuja kabla ya Barabarani na Sherehe, basi nyumba zile hazikuhamwa. Zilikuwa bado hazijaingiwa.

Kiraka cha mraba kilikuwemo katika mikanda yote mitatu. Katika Barabarani na Sherehe kulikuwa na kingine, cha duara, upande wa kushoto chini. Bi Kidawa ndiye aliyetaka kujua kipi kimelalia kipi. Alfonsi aliushika mkanda wa Sherehe penye picha ambayo Mtu wa Bati ameinama kumpokea mtoto uji, na kifua kimejaa picha nzima. Kiraka cha duara kilikuwa juu ya kona ya kile cha mraba. Kati ya misumari sita ya mraba ilionekana mitano. Duara lenyewe lilikuwa na misumari minne katika Barabarani, na katika Sherehe mitatu na tundu moja, kwa hiyo Sherehe ulifuata Barabarani.

Kisha nikatafuta picha ya kifua kilicho wazi hivyo katika Nyumba Tupu. Niliipata saa kumi na moja kasoro dakika tano, mwanga ukiwa unapungua. Mraba mzima. Kona nne. Misumari sita. Hakuna duara.

Nilimpa Alfonsi kioo, naye akahesabu kwa sauti hadi sita, akarudia tena. Halafu akakaa juu ya debe lake, akasema, "Bi Kidawa, wewe nitakununulia kitenge."

"Ninunulie sufuria," alisema Bi Kidawa.

Niliwakumbusha kwamba nilikuwa nimejibu swali la barua, si swali la kamati. Mpangilio sahihi ulikuwa Kuundwa, Mafuriko, Nyumba za Safu, Nyumba Tupu, Barabarani, Sherehe. Hilo lilithibitisha kwamba Alfonsi alikosea. Halikuthibitisha kwamba hakukusudia. Kwa kweli lilimtia hatarini zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa wazi kwamba sinema inaishia kwenye sherehe na yeye aliimalizia barabarani.

Alfonsi aliacha kutabasamu. Bi Kidawa alinitazama kama mtu aliyemwaga maji ya kunawa kabla wageni hawajanawa, akachukua fagio lake akaenda kuvuka.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Alfonsi daftari lake la safari. Kila fundi wa mashine hulazimika kuandika mkanda gani umepita, saa ngapi, na kama umekatika. Alfonsi ni mwandishi mzuri. Alisomea misheni na mwandiko wake umesimama wima. Chini ya tarehe 7 Mei, siku moja kabla ya Kiswere, alikuwa ameorodhesha mikanda sita na maelezo mafupi ya kila mmoja. Mbele ya mkanda wa tano alikuwa ameandika hivi: *Kijiji kimehamwa. Sufi imejaa chini, hakuna aliyeokota.*

"Sufi gani?" nilimuuliza.

"Ile nyeupe inayoanguka."

Tangu Jumanne nilikuwa nimeitazama nyeupe ile zaidi ya mara arobaini, na katika jedwali langu niliiandika kwa neno moja, theluji, bila kufikiri kwamba kuna neno jingine.

"Alfonsi, ile ni theluji."

"Theluji ya Kilimanjaro?"

"Hiyo hiyo."

"Ile ya Kilimanjaro imekaa juu, Mwalimu, kama kofia. Kwenye picha zote imekaa. Nani aliwahi kuniambia kwamba huwa inaanguka?"

"Huanguka kama mvua, polepole."

"Kama sufi."

"Ndiyo. Kama sufi."

Nilimtaka anieleze, jambo kwa jambo, alivyofikia hitimisho lake. Alisema wazazi wake walikuwa na kitongoji chao juu, upande wa Milola, nyumba tano na misufi miwili. Mwaka jana walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Mwezi wa Septemba yeye alipita pale mahameni akitafuta jembe la baba yake. Misufi ilikuwa imepasua, na nyeupe ilimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Nyumba ikiwa na mtu, sufi haifiki chini mara mbili," alisema. "Watoto wanaigombania, mama anaitia kwenye magodoro. Ukiikuta imelala hivyo, huna haja ya kupiga hodi. Sasa naona nyumba tupu, mti umepukutika majani, nyeupe imejaa hadi mlangoni. Ningedhani nini kingine?"

Nilichukua maelezo yake, nikamsomea, akatia sahihi. Nilimwambia kwamba kamati inaweza kuyaona kuwa ni ujanja uliotungwa baada ya tukio, ingawa tarehe ya daftari ni ya kabla. Akaniuliza basi afanye nini. Nilimwambia ale, kwa kuwa Bi Kidawa alikuwa amemletea wali na samaki na vilikuwa vinapoa.

"Samaki wa wapi huyu?" aliuliza.

"Wa baharini," alisema Bi Kidawa. "Ninyi watu wa juu mmezoea panya."

"Panya ana utu, Bi Kidawa. Hana mifupa midogo midogo ya kukunyonga."

"Basi mrudishe samaki wangu."

Hakumrudisha.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Bi Mwanasha, mkunga mstaafu, mwanamke asiyependa kupotezewa muda. Sikumweleza kilichomo kwenye mikanda. Niliomba jambo moja: kwamba kabla ya mtu yeyote kusema lolote, mkanda mmoja uonyeshwe, na kila mjumbe aandike kwenye kipande cha karatasi kitu gani cheupe kinaanguka humo. Akaniuliza kwa nini. Nilijibu kwamba nikimwambia sababu, karatasi yake haitakuwa na maana tena. Alifikiri, akakubali.

Jumamosi tarehe 17 Mei, saa nane na dakika tano, wajumbe wanne walikuwa wamekaa stoo. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa magunia ya korosho. Bi Mwanasha alikuwa katikati. Kulia kwake mtunza stoo, kushoto karani wa masjala, na pembeni Ndugu Yohana, ambaye alikuwa mlalamikaji na mjumbe kwa wakati mmoja. Nilitaja jambo hilo likaandikwa. Alfonsi aliruhusiwa kuendesha mashine kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayeijua. Bi Kidawa alisimama mlangoni. Hakualikwa, lakini hakuna aliyemfukuza.

Jenereta liliwashwa nje. Mkanda wa Nyumba Tupu ulipita. Nyumba kumi na mbili katika safu mbili, milango imefungwa, mti usio na jani, Mtu wa Bati amesimama barabarani, na nyeupe ikishuka taratibu mpaka ikamfika magotini. Magunia yalipoinuliwa wajumbe waliandika, wakakunja karatasi, nikazikusanya kwenye kofia ya karani.

Nilizisoma kwa sauti bila kutaja ya nani. Ya kwanza: sufi. Ya pili: sufi. Ya tatu: majivu. Ya nne: sufi, haikuokotwa.

"Hiyo ya nne ni yangu," Ndugu Yohana alisema. "Kuna nini? Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo. Kijiji kimehamwa, mtu yeyote anaona."

"Mtu yeyote," nilisema, "isipokuwa aliyekichora." Nikaeleza theluji ni nini, na kwamba nchi iliyotengeneza sinema hii huipata kila mwaka mahali penye watu, na kwamba huko haiokotwi kwa sababu haifai kitu. Kisha nikafungua daftari la Alfonsi kwenye tarehe 7 Mei nikalisogeza mezani.

Bi Mwanasha alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamsogezea Ndugu Yohana daftari pamoja na karatasi yake mwenyewe, vikiwa sambamba.

"Ndugu Yohana, mmeandikiana?"

Karani wa masjala aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Mimi niliandika nilichokiona," alisema Ndugu Yohana.

"Na yeye?"

Ndugu Yohana alilirudisha daftari katikati ya meza. Alisema hata kama ni hivyo, bado hatujui mpangilio wenyewe, na huenda ule wa Kiswere ndio sahihi, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi kwa nchi iliyoileta. Nikasema mpangilio unajulikana. Niliwaonyesha jedwali la kifua. Kioo kilipita mkono kwa mkono dirishani, kila mmoja akahesabu misumari. Mtunza stoo, ambaye alikuwa ameandika majivu na hakupenda kuwa peke yake, alihesabu mara tatu.

"Kiraka huweza kung'oka," Ndugu Yohana alisema. "Huenda alikuwa na viraka viwili kwenye sherehe, kile cha duara kikadondoka, akabaki na kimoja. Basi nyumba tupu zitakuwa za baadaye, kama nilivyosema."

Ilikuwa hoja halali, nami nilikuwa nimeitarajia. Lakini kabla sijafungua mdomo Bi Kidawa alisema kutoka mlangoni:

"Kikidondoka, matundu ya misumari yanazibwa na nani? Na shimo lililofunikwa lilikwenda wapi? Bati si ngozi, baba, halifungi kidonda."

Bi Mwanasha alicheka mpaka akashika meza. Ndugu Yohana alichukua kioo, akarudi dirishani, akatazama kifua cha Mtu wa Bati katika Nyumba Tupu kwa dakika nzima. Alitafuta matundu kushoto chini. Alikuwa mtu mkali lakini si mwongo.

"Hakuna matundu," alisema.

"Basi andika," Bi Mwanasha alimwambia karani.

Mikanda yote sita ilionyeshwa kwa mpangilio sahihi. Mtu wa Bati akaundwa, maji yakaja, akajenga nyumba peke yake, theluji ikamkuta akingoja, watu wakaja barabarani na mizigo, wakala na kucheza. Karani aliuliza kama aandike kwamba watu wale walihamia kwa furaha. Nilisema mkanda hauonyeshi walivyofika, na nyuso zao zimechorwa kwa mstari mmoja tu. Aandike kwamba walihamia. Bi Mwanasha alikubali. Ndugu Yohana naye alikubali.

Uamuzi uliandikwa saa kumi na dakika ishirini. Mpangilio wa Kiswere ulikuwa kosa lililotokana na kupotea kwa karatasi na kutojulikana kwa theluji. Hapakuwa na makusudi. Fundi aendelee na kazi kuanzia saa hiyo. Namba zipigwe kwa rangi kwenye vifuniko. Wote wanne walitia sahihi. Ndugu Yohana alitia ya mwisho, akaenda hadi kwenye mashine ambako Alfonsi alikuwa akifunga nyaya, akampa mkono.

"Nawe uliwahi kupita mahameni," Alfonsi alimwambia. Hakuuliza.

"Kwetu kulikuwa na misufi mitatu," alisema Ndugu Yohana, akatoka.

Nilipiga namba kwa rangi nyekundu, moja hadi sita, nikiwa na jedwali mkononi. Bi Kidawa alizikagua, akasema tano yangu imelala. Nilipotoka nje kumtafuta Alfonsi aje atie sahihi ya kupokea makopo, nilimkuta kwenye benchi la baraza, chali, kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi. Nilimwita mara mbili. Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa bado amelala.